Ada ya chuo kwa mtoto wa zimamoto aliyefia kazini California

Dada pole sana kwa msiba wa shemeji. Umeuliza kama mtoto wake atasoma bure, jibu ni ndiyo, na msiache haki yake ipotee. California kuna sheria inaitwa Alan Pattee, inafuta ada ya masomo kwa watoto na mjane wa polisi au zimamoto aliyefia kazini, ni kwa vyuo vya serikali vya jimbo kama University of California (UC) na California State University (CSU), private haimo. Ila elewa inafuta ada tu, chumba, chakula na vitabu bado mnalipa, na hapo ndo familia nyingi zinakwama zikidhani kila kitu kimelipwa.

Kwa hizo gharama zingine kuna msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani, unaitwa PSOEA, huu unamhusu hata ambaye mzazi wake hakufa ila ameumia kazini akapata ulemavu wa kudumu kabisa. Unatoa hela za hadi miezi 45 ya masomo ya fultaimu, kwa mtoto mwisho kawaida ni miaka 27, mjane hana kikomo cha umri. Ila lazima kwanza dai la malipo ya kifo lenyewe, linaitwa PSOB nalo ni la serikali kuu, liwe limekubaliwa, na kwa kawaida linafunguliwa ndani ya miaka 3 tangu kifo, kwahiyo hata kama mtoto bado yuko chekechea mwambie mama yake aanze na hilo sasa hivi, asisubiri mtoto amalize high school.