Maswali ya Wasomaji: Walivyosusia Mabasi ya Bristol

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa historia mjini Tanga. Katika toleo lililopita mlitaja kwa kupita tu kwamba mwaka 1963 wakazi weusi wa Bristol, Uingereza, walisusia mabasi ya mji hadi ubaguzi wa rangi katika ajira ukaondolewa. Nijuavyo mimi, ususiaji wa Montgomery kule Marekani, uliodumu siku 381, ulifaulu kwa sababu abiria wengi walikuwa weusi, hivyo kampuni ikakosa nauli. Bristol weusi walikuwa wachache mno. Walishindaje? Na mbona sheria haikuwalinda?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na sheria, kwa kuwa jibu lake ni fupi: haikuwapo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1948 ilikuwa imewapa watu wa makoloni haki ya kuingia na kuishi Uingereza, na wengi waliotoka Jamaika na visiwa vingine vya Karibi walifika Bristol wakijua kwamba ni raia kama raia wengine. Hata hivyo, mwenye nyumba aliweza kumnyima mtu chumba, na mwajiri kumnyima kazi, kwa sababu ya rangi yake, na wala asiwe amevunja sheria. Kampuni ya Bristol Omnibus, ambayo ilikuwa mali ya umma, iliwaajiri weusi katika karakana zake, lakini haikukubali hata mmoja wao awe dereva au kondakta, ingawa ilikuwa na upungufu wa wafanyakazi na ilikuwa ikitangaza nafasi za kazi.

Roy Hackett, mhamiaji kutoka Jamaika, alilijua jambo hilo nyumbani kwake, maana mkewe, Ena, aliomba kazi ya ukondakta akiwa na sifa zote zilizotakiwa, akakataliwa. Hackett aliungana na Owen Henry, Audley Evans na Prince Brown kuunda baraza la kutetea watu wa Karibi waliokuwa Bristol, kisha wakampata Paul Stephenson, ofisa wa vijana ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 26, awe msemaji wao. Stephenson alikuwa akifuatilia habari za Montgomery, lakini hakuiga kila kitu, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako.

Kwanza alitafuta ushahidi ambao mtu yeyote mwenye haki angeshindwa kuukana. Alipiga simu kuhakikisha kwamba nafasi zipo, akamwombea usaili kijana aitwaye Guy Bailey, mwenye umri wa miaka 18, aliyekuwa akisoma masomo ya jioni na kuongoza wenzake katika chama cha vijana wa Kikristo. Bailey mwenyewe amesimulia kwamba alipofika, mpokezi alimwarifu meneja kuwa mtu wake wa usaili amekuja, ila ni mweusi, na jibu lililotoka ndani ni kwamba nafasi zote zimejaa. Siku chache baadaye, tarehe 30 Aprili 1963, ususiaji ulianza.

Ni kweli kwamba watu wenye asili ya Karibi mjini humo walikadiriwa kuwa 3,000 tu, na nauli zao peke yake zisingeitikisa kampuni. Kwa maoni yangu, nguvu ya ususiaji ule haikuwa katika nauli, bali katika kuwalazimisha wakubwa waseme hadharani yale waliyozoea kuyafanya kimyakimya. Meneja mkuu, Ian Patey, alipoulizwa na waandishi wa habari hakukana; aliutetea utaratibu huo kwa hoja kwamba weusi wakiingia, weupe watakimbilia kazi nyingine. Tangu hapo, kila mtu mwenye cheo alilazimika kuchagua upande. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bristol waliandamana kuunga mkono ususiaji. Harold Wilson, kiongozi wa upinzani bungeni, aliulaani ubaguzi huo, na Learie Constantine, mchezaji kriketi wa zamani aliyekuwa Balozi wa Trinidad na Tobago jijini London, aliwabana wahusika bila kuchoka. Baraza la Makanisa la Bristol, kwa masikitiko yangu, lilitoa tamko lililowalaumu waliolianzisha jambo, kana kwamba kosa lilikuwa kulitaja. Mabasi nayo yalizuiwa njiani, na Hackett alikuwa miongoni mwa waliokaa barabarani kuyazuia.

SWALI: Mhariri, mimi ni dereva mstaafu wa basi, Mombasa, na nilikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi miaka yote niliyofanya kazi. Nimesikia kwamba huko Bristol chama chenyewe kilikuwa upande wa kampuni. Inawezekanaje?

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Uliyoyasikia ni ya kweli, na yanauma. Mwaka 1955 wanachama wa kitengo cha abiria wa chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, TGWU, tawi la Bristol, walipitisha azimio kwamba watu weusi wasiajiriwe kwenye mabasi, ilhali chama hicho kitaifa kilikuwa kikipinga ubaguzi. Sehemu ya sababu wewe utaielewa kuliko mimi: mshahara wa msingi ulikuwa mdogo, familia nyingi ziliishi kwa malipo ya saa za ziada, na madereva waliogopa kwamba watumishi wakitosha, saa hizo zitapungua. Hofu ya kipato ilikuwa ya kweli, lakini aliyepaswa kudaiwa mshahara bora alikuwa mwajiri, si Mjamaika aliyekuja kuomba kazi ile ile. Badala ya kumkabili mwajiri, wakamfungia mlango mwenzao, na kampuni ikapata kisingizio cha kusema kwamba wanaokataa ni wafanyakazi, huku chama kikisema anayeajiri ni kampuni.

Baada ya miezi minne ya shinikizo na mazungumzo, tarehe 27 Agosti wafanyakazi wapatao 500 walikutana na kukubali kuuondoa ubaguzi, na kesho yake Patey akatangaza kwamba umekwisha. Kondakta wa kwanza asiye mweupe, Raghbir Singh, aliyekuwa Kalasinga, alianza kazi tarehe 17 Septemba, na baada yake waliajiriwa Wajamaika na Wapakistani. Sheria ilichelewa zaidi. Ile ya mwaka 1965 ilikataza ubaguzi katika maeneo ya umma tu, na kwa wale waliokuwa wamepigania ajira ilikuwa nusu ya kazi. Ajira na nyumba zilisubiri sheria ya mwaka 1968. Wanahistoria wengi huuhesabu mgogoro wa Bristol miongoni mwa mambo yaliyoandaa njia ya sheria hizo.

Kuhusu chama, Unite, ambacho ndicho kilichorithi TGWU, kiliomba radhi mwaka 2013. Hackett, Stephenson na Bailey walikuwa bado hai, wakaombwa radhi hiyo wenyewe badala ya kuombewa watoto wao. Miaka 50 ni mingi kuisubiri, lakini ninawaheshimu viongozi walioomba radhi kwa kutojificha nyuma ya hoja kwamba waliopitisha azimio lile walikuwa watu wengine.