Fuata gunia la posho: kwa wanaoanza kusoma majalada ya jeshi la 1914–1918

Wengi wanaokuja Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, kusoma Vita Kuu katika nchi hii hufika na majina mawili tu, Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, pamoja na ramani ya mapigano. Hayo yaweke kando kwanza. Jeshi likiwa vitani ni kazi ya makarani kabla ya kuwa kazi ya majenerali: watu wahesabiwe, walishwe, walipwe, watibiwe, na wakifa waandikwe. Usipojua ofisi ipi ilikuwa na kazi ipi, utamaliza siku nzima na jalada nene halafu utoke na mistari miwili.

Tuanze na mgawanyo wa kazi. Wizara ya Vita ya Uingereza, tangu 1904, ilisimamiwa na Baraza la Jeshi: waziri ndiye mwenyekiti, chini yake wanajeshi wanne pamoja na wajumbe wa kiraia, mmoja wao wa fedha. Mgawanyo huo ulishuka hadi makao makuu ya porini kwa herufi tatu, na hizo zikariri hata kabla ya kushika kalamu. G ni mipango ya mapigano na upelelezi. A ni watu: kuandikisha, nidhamu, majeruhi, vifo. Q ni tumbo na miguu: chakula, usafiri, malazi, wanyama wa kubeba. Silaha na risasi zilikuwa za mwanajeshi wa nne wa Baraza, lakini mwaka 1915 uhaba wa makombora ulizua kelele kubwa London hadi ikaundwa Wizara ya Zana za Vita ya pekee. Ukitafuta habari za wapagazi katika karatasi za G utakuta neno moja moja. Nenda Q, kisha A.

Kosa linalowapata karibu wote ni kudhani London ndiyo iliyoamuru kila kitu tangu siku ya kwanza. Sivyo. Jeshi lililoshindwa Tanga Novemba 1914 lilitumwa kutoka India na kusimamiwa na serikali ya huko. Wizara ya Vita ilichukua usukani baada ya aibu ile. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya maofisa wa Kiingereza) nao, kwa desturi, walikuwa wa Wizara ya Makoloni. Ndiyo maana jambo moja, tuseme ununuzi wa unga, linaweza kuwa na barua katika masijala tatu tofauti. Kila ukisoma barua jiulize: nani analipa? Ubishi wa malipo ndio uliozalisha karatasi nyingi, na ndani ya ubishi huo makarani walilazimika kutaja idadi, bei na tarehe ambazo kwingine hazitajwi. Kwa watakaobahatika kufika London, shajara za vikosi ziko katika kundi la WO 95 (WO ni Wizara ya Vita), na barua za Tanganyika katika CO 691 (CO ni Wizara ya Makoloni). Hapa Upanga tuna majalada ya Sekretarieti ya Kiingereza na yale ya utawala wa Kijerumani.

Sasa fomu. Shajara ya kikosi, fomu C.2118, huandikwa na ofisa, na nakala yake hupelekwa nyuma kila mwezi. Inavutia kusoma, lakini ofisa huandika yanayomhusu. Iliyo na manufaa zaidi ni B.213, hesabu ya kila wiki ya watu na wanyama. B.103 ni ya mtu mmoja mmoja: alihamishwa lini, aliugua lini, alirudi lini.

Unapokuta neno "nguvu" ya kikosi, yaani idadi ya watu wake, simama hapo hapo. Kuna nguvu tatu. Ya kwanza ni walioandikwa kwenye daftari. Ya pili ni walaji, yaani kila mdomo unaopokea posho siku hiyo, wakiwemo wapishi, wachunga nyumbu na wapagazi. Ya tatu ni bunduki, wale wanaoweza kusimama mstarini leo. Malaria ilizitenganisha namba hizi vibaya mno. Anayechukua ya kwanza akaitumia kama ya tatu ataandika kwamba jeshi kubwa lilishindwa na jeshi dogo, kumbe nusu ya lile kubwa limelala hospitali. Katika daftari lako, pembeni ya kila namba, andika ni nguvu ipi.

Na hapa ndipo gunia linapoingia. Mbung'o waliwaua farasi na nyumbu, na Wajerumani walivunja madaraja ya Reli ya Kati walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1916. Mzigo ukabaki kichwani kwa mtu. Fanya hesabu hii kwa mkono wako mwenyewe. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo 1 kwa siku. Kambi ikiwa mwendo wa siku 5, atakula 10 kwenda na kurudi, atakabidhi 15. Ili askari 1,000 wapate kilo moja kila mmoja kwa siku, mizigo 67 ifike kila siku, na kwa kuwa safari nzima ni siku 10, unahitaji wapagazi 670 njiani. Sasa kambi isogee iwe siku 10. Anakabidhi kilo 5 tu, inatakiwa mizigo 200 kwa siku, na wapagazi 4,000. Umbali umezidi mara mbili, watu wamezidi mara sita. Kwa siku 13 gunia halifiki kabisa. Na hapo hatujahesabu risasi, dawa, wagonjwa wala mvua. Askari waliokaa na njaa Rufiji mwanzoni mwa 1917 wanaeleweka ukishafanya hesabu hii.

Sasa elewa kwa nini jeshi la wapagazi, Carrier Corps, lililotuachia jina la Kariakoo, lilikuwa kubwa kuliko la askari. Ofisi yake ya kazi za kijeshi iliongozwa na Oscar Watkins, na vifo vya wapagazi kwa hesabu rasmi vilizidi 40,000. Watafiti wanaona idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi sana. Sababu zimo katika karatasi za Q: unga wa mahindi uliopikwa haraka, haujaiva, kwa watu waliozoea ndizi au mtama, na kuhara damu kukafuata. Usiridhike na neno "ugonjwa". Tafuta aina ya posho, idadi ya sufuria na ruhusa ya kusimama kupika.

Katika orodha za wapagazi fuata namba ya mpagazi, si jina. Karani mgeni aliandika Juma kwa namna nne, na wilaya kwa namna anavyosikia. Nakili jina kama lilivyo, hata kosa likiwa wazi, kisha weka usomaji wako kwenye mabano. Halafu kuna safu ya malipo yaliyobaki, ambayo wengi huiruka kwa kuwa ni tarakimu tupu. Hiyo nakili yote, hadi senti: ni fedha za marehemu, na nyingi hazikuwafikia ndugu zao.