Wageni 3,000 kwa Usiku Mmoja: Je, Tovuti Yangu Imedukuliwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninayo tovuti ndogo ambamo huweka picha za ndege pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili, na kwa kawaida hutembelewa na watu wapatao 40 kwa siku. Juzi niliamka nikakuta hesabu imefika 3,000 kwa usiku mmoja, karibu wote kutoka nchi moja ambayo sidhani ina wasomaji wa Kiswahili, na hakuna aliyekaa hata sekunde moja. Kampuni inayonihifadhia tovuti nayo imenionya kwamba kiwango changu cha data cha mwezi kinakaribia kwisha. Je, nimedukuliwa? Niifungie nchi hiyo nzima?

JIBU: Kwa maelezo uliyotoa, sioni dalili ya udukuzi bali ya roboti, yaani programu zinazozunguka katika intaneti zikisoma kurasa bila kuchoka. Hata hivyo, usikate shauri kwa kutazama hesabu peke yake, kwa kuwa inakueleza wamekuja wangapi bila kukueleza walitafuta nini. Jibu la swali hilo limo katika kumbukumbu za seva (kompyuta inayohifadhi tovuti yako), ambazo kwa kawaida hupatikana kwenye ukurasa unaotumia kusimamia tovuti yako. Humo kila ombi lina mstari wake, ambao ukipunguzwa huwa hivi:

203.0.113.25 [02:14:07] "GET /wp-login.php" 404

Maana yake ni kwamba saa nane na dakika 14 usiku, anwani hiyo, yaani namba ya mashine iliyo mwanzoni mwa mstari, iliomba ukurasa wa kuingilia wa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na seva ikajibu kwamba ukurasa huo haupo. Huyo ni mpita njia anayejaribu kila kitasa, na kama hutumii WordPress, mistari ya namna hiyo isikunyime usingizi hata ikiwa mia. Kinachostahili kukushtua ni jibu la 200, yaani ombi limekubaliwa, kwenye ukurasa ambao hukuutengeneza wewe. Ukiliona, badilisha nywila siku hiyohiyo, sasisha programu zote za tovuti, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili.

Kuhusu kuifungia nchi nzima, sikushauri. Nchi inayoonekana katika takwimu ni mahali inapodhaniwa kuwa ipo mashine iliyotuma ombi, na mara nyingi mashine hiyo ni seva ya kukodi iliyomo katika kituo cha data, huku mwenye kuiendesha akiwa kwingine kabisa. Kesho atakodi nyingine, nawe utakuwa umewafungia nje wasomaji wa kweli wanaoishi huko, kwani Kiswahili siku hizi kimesambaa kuliko tunavyodhani.

Jambo zito hapa ni data. Ikiwa ukurasa wako wenye picha una megabaiti 4, kupakuliwa mara 3,000 ni sawa na gigabaiti 12. Punguza ukubwa wa picha kwanza, kwani hilo litawafaa hata wale wageni wako 40. Kisha iwekee seva kikomo cha maombi kwa dakika, ili anwani inayokizidi ijibiwe 429, ambayo ni namna ya kumwambia mgeni apunguze mwendo.

Lipo pia faili la robots.txt, linaloziambia roboti kurasa zipi zisisome, utaratibu uliopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994 na kuandikwa rasmi kama kiwango mwaka 2022. Roboti zenye adabu hulitii, lakini zisizo na adabu hazilazimiki kulitii, kwa sababu ni ombi tu, wala si kufuli. (Usiorodheshe humo folda zako za siri, maana faili hilo husomwa na yeyote.) Chunga pia usiifukuze roboti ya Google, ambayo ndiyo inayokuletea wasomaji. Kwa kuwa jina lake huigizwa na matapeli, tafuta jina la seva lililosajiliwa kwa anwani husika, ambalo kwa roboti hiyo huishia na googlebot.com, kisha uhakikishe kwamba jina hilo nalo linarejea kwenye anwani ileile.

Ikiwa baada ya hapo data bado inakwisha, chagua anwani zilizopakua zaidi, uiandikie kampuni yako ukiiambatishia mistari yake, na uiombe izizuie kabla hazijafika kwenye tovuti.