Blauzi ya bluu na kanga ya watu

Mwanangu alipofikisha wiki 6 nilimpeleka kliniki hapa Kigoma akachomwe chanjo. Nilimnyonyesha vizuri kabla hatujatoka nyumbani Mwanga, nikavaa blauzi yangu ya bluu bahari ya kabla ya mimba, na kwa mara ya kwanza tangu nijifungue nikajiona mtu. Tumekaa kwenye benchi, wa kwangu kalala fofofo, mtoto wa mbele yetu akadungwa sindano, akapiga yowe.

Matiti yakaanza kuchomachoma kama ganzi inayoachia. Nikajitazama: kiduara cha maziwa upande wa kushoto, ukubwa wa sarafu. Kufumba na kufumbua kimekuwa kisahani, na wa kulia nao umeanza. Kuna baba mmoja alikuwa amekaa mkabala nami, maskini, akawa anasoma bango la malaria kama mtu anayejiandaa na mtihani.

Mama mtu mzima aliyekuwa pembeni yangu alivua mtandio wake wa kanga akanitupia begani. Kisha akanong'ona: "Kunja mikono kifuani mwanangu, kandamiza." Nikaweka kiganja juu ya kila chuchu, nikabana. Haikufika hata dakika mbili, yakakata.

Nesi ndiye aliyenieleza baadaye. Mtoto akilia, mwili unamwaga homoni ya oksitosini, nayo inakamua maziwa kutoka ndani kuyaleta kwenye chuchu. Na haiulizi mtoto ni wa nani. Kumfikiria tu mwanao kunatosha, au maji ya moto ya kuoga. Ndiyo maana ukinyonyesha titi moja, la pili nalo linadondosha. Wengi wetu hupungukiwa na hali hii kati ya wiki ya 6 na ya 10, mwili ukishajua mtoto anahitaji kiasi gani. Wengine huendelea zaidi, wengine hawavuji kabisa na watoto wao wanashiba vilevile, kwa hiyo usijipime kwa jirani.

Hiyo mbinu ya kubana iweke kwa dharura: kanisani, kwenye Hiace, msibani. Ukibana siku nzima, hasa wiki za mwanzo, maziwa yanakwama na titi linafanya mabonge. Likiwa jekundu, gumu, na homa imepanda, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na usiache kumnyonyesha mtoto.

Sasa kosa langu kubwa. Wiki ya pili, kwa kuona haya mbele ya wageni waliokuja kumwona mtoto, nilikata nailoni ya mfuko wa mkate nikaiweka ndani ya sidiria juu ya kitambaa. Nje nilikuwa mkavu kweli. Ndani, kwa joto hili letu, chuchu zilishinda zimelowa, zikalainika, zikachanika, mwishowe fangasi. Mtoto naye ulimi ukawa na utando mweupe. Tulitibiwa wote wawili, na kila akinyonya nilikuwa nauma meno.

Kilichonifaa ndani ya sidiria ni kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka imekuwa laini. Kata miduara mipana kidogo kuliko kiganja, panga tabaka 4, katikati weka kipande cha taulo, kisha mpe fundi cherehani azungushie uzi. Mimi nilianza na 6 nikaona hazitoshi, maana mvua ikinyesha siku tatu hazikauki. Fanya hata 14. Badilisha kila kikilowa, fua kwa sabuni, anika juani, ukiweza piga pasi. Nguo za kutokea ziwe vitenge vyenye maua mengi. Doa linapotea humo kama dagaa ziwani. Usiku lalia kanga iliyokunjwa, achana na sidiria ya kubana.

Niliwahi pia kuacha uji nikidhani maziwa yatapungua. Mama mkwe akanisukumia kikombe: "Kunywa. Utaishia kuumwa wewe, maziwa yatatoka tu." Alikuwa sahihi. Ila aliponiambia maziwa yakimdondokea mtoto wa kiume sehemu za siri atakuja kukosa nguvu za kiume, hapo nilimwitikia kwa heshima nikaendelea na mambo yangu. Ni maziwa tu, unafuta.

Kama unafikiria kurudi kazini, likizo ya uzazi kisheria ni siku 84 (mapacha 100), na ukirudi kila siku ya kazi unaruhusiwa hadi masaa mawili ya kwenda kunyonyesha. Zidai. Mimi kufikia hapo vitambaa nilikuwa nabeba viwili tu kwenye mkoba.

Wiki ya 10 nilirudi kliniki na ile kanga, imefuliwa, imepigwa pasi. Mwenyewe sikumkuta, na bado naibeba kila tarehe ya kliniki. Blauzi ya bluu nimempa mdogo wangu wa Ujiji. Hana mtoto.