Nafasi ipo Ngamiani, imefungwa na mirathi

Ndugu Mhariri, mmeuliza wiki hii: "Mji wako unaongezeka watu. Nyumba za kuwaweka zijengwe wapi?" Mimi ni mkazi wa Ngamiani, Tanga, na jibu langu ni kwamba zijengwe humuhumu ndani, kwenye viwanja ambavyo tayari vina barabara, bomba na nguzo ya umeme. Najua wengi watataja Kange, Pongwe au Mwambani, pembezoni mwa jiji. Huko ndiko viwanja vinakouzwa, na ndiko vijana wetu wanakokimbilia wakipata fedha ya kununulia tofali.

Kupokea watu si jambo geni kwetu. Sensa ya 1967 ilihesabu hapa watu 61,058, na kwa Tanzania Bara hakukuwa na mji uliotuzidi ila Dar es Salaam. Kilichowavuta watu kilikuwa mkonge, bandari, na reli iliyoanza kujengwa kutoka hapa mwaka 1893. Mkonge ulipoporomoka, viwanda vikafuata, na miji iliyokuwa nyuma yetu ikatupita. Sasa tunaongezeka tena: watu 273,332 jijini kwa sensa ya 2012, na 393,429 kwa ile ya 2022. Bandari imeongezwa kina, na bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani, hapahapa Tanga. Wageni watazidi kuja.

Wale wa enzi za mkonge walikaa wapi? Wengi walipanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, kisha uani kwenye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Mwenye nyumba alichukua viwili, vilivyobaki akapangisha, na alipozeeka kodi ile ndiyo ikawa pensheni yake. Wajane wengi wa mji huu wamesomesha watoto kwa kodi ya vyumba. Mpangaji naye alikwenda sokoni kwa miguu, kazini kwa baiskeli, bila kutoa nauli.

Nyumba hizo bado zipo, ila pita ndani uone. Vyumba viwili vina wapangaji, kimoja kinavuja, vingine vina kufuli. Ukiuliza utaambiwa kile cha mjomba yuko Mombasa, kile cha shangazi yuko Dar. Aliyejenga alifariki zamani, na baadhi ya watoto wake nao wametangulia. Msimamizi wa mirathi hakuwahi kuteuliwa, kwa hiyo jina kwenye karatasi za kiwanja ni la marehemu. Benki haikopeshi juu ya jina la marehemu. Anayekaa pale haezeki bati jipya, maana akishatoa fedha zake wenzake watasema amejimilikisha. Anayetaka kuuza anaonekana mroho, na asiyetaka anaonekana mbishi. Simlaumu yeyote kati yao. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa ajili ya nyumba ambayo mama yao aliijenga ili wasitawanyike.

Mwishoni anakuja mwenye fedha. Nyumba inauzwa, inavunjwa, panasimama stoo au fremu za maduka. Warithi wanagawana, na kila mmoja anakwenda kutafuta kiwanja chake nje ya mji. Kaya zilizokuwa zikitumia bomba moja sasa zinahitaji mabomba matano, nguzo mpya na barabara, na mtoto anapanda daladala alfajiri. Kwa hiyo mji unatanuka hata pale ambapo ukoo haukuongezeka mtu.

Dawa inaanzia Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi ateuliwe sasa, wakati wazee wanaojua nani ni mtoto wa nani wako hai. Baada ya hapo kuna sheria ambayo watu wachache wanaizungumzia: tangu 2008 Tanzania inaruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe. Maana yake ndugu wanne wanaweza kujenga ghorofa moja juu ya kiwanja cha bibi yao, kila mmoja akawa na hati ya sehemu yake, uani ukabaki wa wote. Mwenye shida auze chake bila kuwang'oa wenzake.

Yapo magumu. Nyumba za miti na udongo haziwezi kubeba ghorofa. Hizo zitajengwa upya kuanzia msingi. Vyoo vya shimo vilivyopo vinajaa haraka hata sasa, na kuongeza watu bila mfumo wa majitaka ni kuwaletea kipindupindu. Hapo fedha ya umma inatakiwa, na naamini ni afadhali itumike hapa kuliko kukimbiza mabomba kila upande wa pori.

Majengo ya zamani ya ng'ambo ya reli, yale yenye roshani, yakarabatiwe na yakaliwe. Sina zaidi la kusema juu yake.

Ombi langu kwa jiji ni dogo. Litoe bure ramani ya nyumba ya ghorofa moja yenye baraza, ukumbi na uani, na lisamehe ada ya kibali kwa familia yoyote ya Ngamiani itakayokuja na msimamizi wa mirathi na sahihi za warithi wote.