Kabla ya Matone: Namna ya Kujiandaa kumwona Daktari wa Retina

Mtu akipewa rufaa ya kwenda kwa daktari bingwa wa retina, huuliza kwanza kama kutakuwa na maumivu. Nami niliuliza hivyo hivyo. Matone ya kupanua mboni huwasha kidogo na taa za daktari ni kali, basi, uchunguzi wenyewe hauna zaidi ya hapo. Baada ya kuhudhuria kliniki hizi kwa muda, naona swali la maana kuliko hilo ni jingine: ukishakaa mbele yake, utamweleza nini?

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma kabisa ndani ya jicho. Ndio unaopokea mwanga, na haujui maumivu. Unaweza kuchanika, kuvuja damu au kujaa maji bila wewe kuhisi chochote. Daktari ataiona retina yako vizuri kwa vifaa vyake, lakini hawezi kuona unachokiona wewe, wala hajui kilianza lini. Hizo ni habari ulizo nazo wewe peke yako, na ukienda hujazipanga, utaishia kusema "naona vibaya", kauli isiyomsaidia yeyote.

Anza nyumbani, jicho moja moja. Ziba la kushoto kwa kiganja, tazama kwa la kulia, kisha badilisha. Macho mawili husaidiana, na jicho zima huficha ubovu wa mwenzake hata miezi. Tazama kitu chenye mistari iliyonyooka, kama fremu ya mlango au karatasi yenye miraba. Je, mstari unapinda? Kuna sehemu imefutika? Ni katikati au pembeni? Kisha andika kwa maneno ya kawaida: "Jicho la kushoto, nikimtazama mtu uso unafifia lakini mabega nayaona. Ilianza polepole, tangu mwezi wa tatu." Sentensi kama hiyo inamwambia daktari kwamba tatizo liko katikati ya retina hata kabla hajawasha taa.

Hapa nisimame kidogo. Ukianza ghafla kuona vidoadoa vingi vyeusi vinavyoelea, miale kama ya radi pembeni mwa jicho, au kivuli kinachoshuka kama pazia, usiendelee kusoma makala wala kungoja tarehe ya miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda retina inachanika au inabanduka, na ikiwahiwa kabla sehemu ya katikati haijabanduka, uwezekano wa kuokoa uoni ni mkubwa zaidi.

Tukirudi kwenye maandalizi: orodha ya dawa. Wengi huona aibu kutaja dawa za ugonjwa mwingine mbele ya daktari wa macho, wakidhani hazimhusu. Zinamhusu sana. Haidroksiklorokwini, inayotumiwa na watu wenye lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe) na baadhi ya magonjwa ya viungo, inaweza kudhuru retina ikitumika miaka mingi. Dawa za jamii ya steroidi, hata za kuvuta kwa mdomo au za kupaka, huweza kuhusika na maji kukusanyika chini ya retina. Taja pia dawa za kuzuia damu kuganda, matone ya presha ya macho, na mzio wowote, hasa wa iodini au wa rangi za kupigia picha. Mwenye kisukari aende na majibu ya karibuni ya HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kama mitatu) na vipimo vya presha, na ajue ana ugonjwa huo tangu mwaka gani. Wala usiache kula au kunywa dawa zako siku hiyo ati kwa sababu unaenda hospitali, isipokuwa umeagizwa hivyo. Kama katika ukoo wenu kuna aliyepofuka au aliyebanduka retina, hilo nalo liandike.

Kama uliwahi kupigwa picha za nyuma ya jicho, zibebe. Picha ya zamani ikiwekwa kando ya mpya huonyesha mwendo wa ugonjwa.

Sasa matone. Hupanua mboni ili daktari aone mpaka kingo za retina, na huchukua kama dakika 20 hadi 30 kufanya kazi. Kwa sisi wenye macho ya rangi nyeusi yanaweza kuchelewa zaidi na ukaongezewa mengine. Nguvu yake hudumu saa kadhaa, na kwa baadhi ya watu hadi kesho yake. Katika muda huo maandishi ya karibu hayasomeki. Kwa hiyo kila kinachohitaji kusomwa kifanyike kabla: fomu, ujumbe wa simu, na hasa karatasi ya maswali yako. Mimi huiandika kwa herufi kubwa na kumkabidhi ninayefuatana naye.

Na huyo wa kufuatana naye mchague vizuri. Hutaendesha gari wewe, hilo liko wazi, lakini kazi yake si usafiri tu. Chukua mtu anayeweza kusikiliza na kuandika, asiwe yule anayekujibia kila unapoulizwa. Beba miwani ya jua, vaa miwani yako ya kawaida badala ya lenzi za kubandika, na usipange shughuli nyingine siku hiyo. Kama uliwahi kuambiwa kwamba pembe za jicho lako, yaani njia ya kutokea maji ya ndani ya jicho, ni nyembamba, sema kabla ya tone la kwanza. Na baada ya matone, ukipata maumivu makali, wekundu na kichefuchefu, rudi mara moja.

Vipimo vyenyewe visikutie hofu. Kile cha OCT hupiga picha ya tabaka za retina kwa mwanga, bila kugusa jicho. Kile cha rangi, ambacho rangi hupitishwa kwenye damu ili mishipa ya retina ionekane pichani, huanza na sindano ya mkononi. Ngozi inaweza kuwa ya manjano kidogo na mkojo ukawa wa rangi ya chungwa hadi siku ya pili. Mjamzito aseme mapema. Wengine hupata kichefuchefu cha muda mfupi.

Uliza pia, unapothibitisha miadi, kama tiba inaweza kuanza siku hiyo hiyo. Sindano ya ndani ya jicho ndiyo inayotisha kuliko zote kwa kuisikia tu. Jicho hutiwa ganzi, husafishwa kwa iodini, na sindano yenyewe hupita kwa sekunde chache. Wengi huhisi mgandamizo tu. Jioni jicho huchoma kwa sababu ya iodini. Lakini katika siku zinazofuata, maumivu yakizidi, uwekundu ukiongezeka au uoni ukishuka, usivumilie. Huenda ni maambukizi ndani ya jicho, na hayo hayangoji.

Katika maswali yangu yote, moja siliachi kamwe: "Lengo la tiba hii ni kurudisha uoni au ni kuzuia usipungue zaidi?" Nimekaa na watu kwenye mabenchi ya kliniki waliokata tamaa na kuacha sindano kwa sababu hawakuona wakiboreka, ilhali zilikuwa zikiwalinda wasipoteze walichobaki nacho. Jibu likishatolewa, mwenzako aliandike, pamoja na jina la ugonjwa, jicho lipi, tarehe ya kurudi, na dalili zipi zikufanye urudi kabla ya tarehe hiyo.