Diski iliyochomekwa ofisini si akiba

Juzi usiku msomaji wa Bukavu kaniandikia: kirusi kimefunga mafaili yote ya shirika lao, kwenye skrini kuna barua ya kudai pesa, na diski ya akiba, ile yenye nakala za mafaili, ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ileile. Nayo imefungwa. Anauliza wanunue antivirusi gani.

Pole sana, ndugu yangu. Lakini hilo swali lilipaswa kuja mwisho.

Mimi natunza kompyuta za ushirika mdogo wa akiba na mikopo hapa Goma. Mwaka 2020 nilimwomba Direkta diski mbili za nje, moja ilale mbali na ofisi. Orodha ya wanachama na salio zao ichapwe kila Ijumaa. Na awepo mtu wa pili wa kutia saini pesa zitoke. Akaniambia mbele ya wenzangu wote eti nawaitia mikosi. Karatasi tu ndizo zilizokubaliwa. Diski nilinunua moja kwa mfuko wangu, na mpaka leo sijarudishiwa.

Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ikalipuka Jumamosi jioni, 22 Mei 2021. Lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege, watu wakashusha pumzi. Alhamisi tarehe 27 serikali ikaagiza mitaa kumi ihame. Sisi tulioona lava ikipita katikati ya mji mwaka 2002 hatukungoja maelezo. Njia ya Sake ilijaa magari, pikipiki, na chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma, zenye magodoro na watoto juu yake. Diski ilikuwa ndani ya soksi yangu, karatasi za Ijumaa ndani ya mfuko wa plastiki.

Kule Sake mama mmoja muuza ndizi akanitambua: "Papa wa mashini, pesa zangu zimeungua?" Nikafungua mfuko, nikatafuta namba yake, nikamwonyesha mstari kwa kidole. Akataka asome mwenyewe. Akasoma tena. Wengine wakaanza kupanga foleni nyuma yake.

Mwisho wa mwaka Direkta alimshukuru Mungu, wanachama na dereva. Dereva alikuwa ameshakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka huko Rwanda, na gari la ofisi. Nimeshasamehe, nadhani.

Msiseme hayo ni mambo ya volkano tu. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliangusha Maersk, kampuni kubwa ya meli ya Denmark. Ikabidi wasimike upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Seva zinazotambua nani anaruhusiwa kuingia kwenye mtandao wao zilifutika dunia nzima, ikabaki moja tu, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika! Sisi tunaotukana umeme kila jioni tuna haki ya kucheka. Iliyopona ni ile iliyokuwa imezimwa.

Januari 2025 ndipo ile saini ya pili, ambayo hatimaye walikuwa wameikubali, ilipotuokoa. Waasi wa M23 waliuteka mji, benki za Goma zikafungwa, watu wakawa wanavuka Gisenyi kutafuta noti. Nafahamu ofisi ambako mwenye saini pekee alikuwa mbali, pesa ipo, wafanyakazi wanakopa unga dukani. Viongozi, acheni kiburi. Kumpa mwenzako saini hakukupunguzii ukubwa. Na msikilizeni kijana wa kompyuta anapoongea, hata kama hana tai.

Sasa wewe wa Bukavu. Chomoa waya za mtandao na uzime Wi-Fi kwenye mashine zote. Piga picha ile barua ya kudai pesa. Usilipe kwa haraka, maana wapo waliolipa wasipewe ufunguo. Mafaili yaliyofungwa usiyafute: No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na Europol pamoja na polisi wa Uholanzi, unatoa bure funguo za baadhi ya virusi. Tafuta humo kwa kompyuta nyingine iliyo safi. Na ukipata diski yoyote ya zamani kwa mhasibu wenu, usiichomeke mpaka mashine zisafishwe zote.